Pale Mwisho Walicheka?

Jumatatu, 9 Juni 2003

Leo wamenifunga mdomo. Muulizeni mtu yeyote hapa Lantemang: Borketey akinyamaza, ama kuna msiba ama amelala. Kila siku napita mitaani na kipaza sauti cha mkono nikitangaza filamu za banda la video la Mjomba Ashitey, na watu huja kwa utamu wa sauti yangu kuliko utamu wa filamu. Leo kuhani amepanda mahindi ya sikukuu. Kwa hiyo siku thelathini hakuna ngoma, hakuna spika, hakuna kupiga kelele, mahindi yaachwe yaote kwa amani. Nilijua. Nilidhani tu kwamba nina muda mpaka jioni. Saa nne asubuhi vijana watatu wa chifu wakanikuta karibu na bomba la maji.

"Lete hicho."

"Kaka zangu, sijamaliza sentensi."

"Utaimalizia tarehe kumi Julai."

Wakaondoka nacho. Ndiyo maana naandika. Kichwa kama changu kikizuiwa kutoa kitapasuka. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, au tuseme tuliachana, kila mmoja akapumua. Lakini mwandiko ninao.

Jumanne, 10 Juni

Jumanne mitumbwi haitoki, ni mwiko wa bahari, kwa hiyo banda la Mjomba hujaa mpaka watu wanakaliana mapajani. Leo limejaa bila mimi kutangaza, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Ni kwa sababu ya Sehemu ya Tatu.

Asiyeijua "Jeneza la Saa" amezaliwa jana, lakini naandikia vizazi. Fundi Tawiah anatengeneza jeneza la umbo la saa kwa ajili ya mrekebisha saa aliye mahututi. Mahututi anapona. Jeneza linabaki. Fundi anajilaza humo mchana kukwepa joto, akiamka yuko mwaka mwingine. Sehemu ya Kwanza anarudi ujanani, anamposa mkewe upya na kupigwa na baba mkwe upya. Sehemu ya Pili anakwenda mbele, anatokea kwenye mazishi yake mwenyewe, anapanga foleni ya chakula. Na kila sehemu mkewe anaunguza samaki, na kila sehemu lawama ni za mume. Majeneza yametoka hapa hapa kwetu, karakana ya Fundi Laryea. Fundi Tawiah mwenyewe ni Ataa Oblitey, mzee wetu, anayekaa nyuma ya soko kwa binti yake Korkor. Tena katika Sehemu ya Tatu kuna mwizi wa mbuzi. Mwizi huyo ni mimi. Sekunde kumi na moja. Nimehesabu.

Anti Lamiley, mwenye filamu, ameileta sidii kwa mkono wake kutoka Accra. Akaniita pembeni, akanipa daftari jipya.

"Borketey, wauzaji wa mjini wanasema mwisho wa hii hauchekeshi. Wanataka niukate. Mimi nimewaambia nitawasikiliza kwanza watu wa Lantemang, wao ndio wanamjua Ataa. Jumanne tano itaonyeshwa hapa. Wewe andika wanachosema, kila mtu kwa maneno yake. Nikija siku ya kufungua marufuku nitasoma. Wakiupenda mwisho, unabaki. Wasipoupenda, naukata, tunapiga mwingine wa vijana."

"Vijana gani, Anti?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini kama mtu anayepima kitambaa. "Mwizi wa mbuzi anaweza kuliiba jeneza. Tutaona."

Aliondoka kabla filamu haijaanza, njia ikiwa bado kavu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa ndani ya jeneza, nikielekea mwaka elfu tatu.

Filamu ikaenda vizuri. Spika kubwa zimefungwa kwa marufuku, tunasikiliza spika ndogo ya televisheni, watu wametulia kama kanisani. Sekunde zangu zilipigiwa makofi ya vidole viwili, kwa heshima ya mahindi. Halafu, Fundi Tawiah alipolala mara ya mwisho kurudi kwa mkewe ambaye amekwisha kufa, mvua ikaanguka. Bati la Mjomba halina dari. Mvua ikilipiga hujisikii ukimeza mate. Tukaona picha tu: mzee amesimama mlangoni, mke amempa mgongo, yuko kwenye kikaango. Mzee anafungua mdomo. Anasema kitu. Mke hageuki. Mzee anakaa, anakula, anaondoka, analikatakata jeneza kuwa kuni. Mwisho.

Watu wakatoka wameinamisha vichwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Ataa Oblitey na chakula kutoka kwa Awo Dede, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi yanayopikwa ndani ya maganda yake. Mzee miguu imemkataa tangu Februari. Amelala chumba cha mbele, nyumba ya Korkor ya dari la zege, nene kweli, mvua yake huijui mpaka uione dirishani.

"Karibu, Mwizi," akasema. Haniiti jina jingine. "Jana walikuja?"

"Banda lilijaa, Ataa. Mimi nilipotokea na mbuzi…"

"Pale mwisho walicheka?"

Nikashangaa. Nani anacheka pale? "Hapana, Ataa. Walinyamaza."

Akatazama ukuta. Akavunja donge la kenkey, hakula.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua. Jogoo wa Mjomba anawika bila kibali cha chifu na hakuna anayemkamata. Mimi kwa neno moja nimepokonywa mali.

Jumanne, 17 Juni

Mvua ilisubiri. Naapa ilikaa juu ya banda imekunja mikono mpaka Fundi Tawiah alipojilaza, ndipo ikashuka. Mlangoni nikasimama na daftari la Anti.

Awo Dede: "Andika. Yule Oblitey miguu imemwisha, tumbo ndilo limebaki kuigiza. Sehemu ya Kwanza nilijikojolea, hii imenikalisha kama mfiwa. Nimekwisha kufiwa mara moja, yatosha, sikuja hapa kurudia. Umeandika 'kujikojolea'? Futa hilo."

Fundi Laryea: "Jeneza lile halifungwi kwa ndani. Nilimwambia Anti. Bawaba ziko nje! Mtu ataingiaje akajifungia? Mji mzima utafikiri Laryea hajui bawaba."

"Na mwisho, Fundi?"

"Mwisho gani? Wamekata mbao yangu ya wawa kuwa kuni. Huo ndio mwisho."

Watoto wote: mwizi wa mbuzi ni mzuri. Hayo nimeyaandika kwa wino mweusi, herufi kubwa.

Nilimwambia Mjomba Ashitey, "Niandike pia kwamba hatusikii pale mwisho?" Akarukia daftari kama linaungua.

"Uandike bati langu? Ili Anti apeleke filamu zake kwa wale wenye dari? Borketey, ulilala wapi baba yako alipokufukuza?"

Nililala bandani. Basi sikuandika. Nitakuwa mkweli humu, maana humu hasomi mtu: sikusononeka. Watu wanasema mwisho ni wa huzuni, mimi nawaandika walivyosema. Uongo uko wapi?

Jumatano, 18 Juni

Nilikwenda kwa Ataa na daftari. Kumsomea kwamba tumbo ndilo limebaki kuigiza niliona aibu, nikatunga hapo hapo, macho kwenye ukurasa: "Awo Dede anasema: Ataa Oblitey ni mwigizaji hodari, ametugusa mioyo."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mwizi, unamjua Dede?"

"Kila siku nanunua kwake, Ataa."

"Mimi namjua tangu ana meno ya utoto. Hajapata kumsifu mtu bila kumtukana kwanza. Hayo maneno ni ya mwalimu wa Jumapili. Ukitaka kusema uongo kwa mdomo wa mtu, uvae mdomo wenyewe. Haya, vaa."

Nikasimama. Nikajifunga kitenge cha Korkor kiunoni, nikashika kiuno, nikasema yote, na tumbo, na kujikojolea, na "futa hilo." Mzee akacheka mpaka Korkor akaja mbio na maji.

"Hivyo! Huyo ndiye Dede! Rudia pale pa tumbo."

Nikarudia. Nikamvaa na Fundi Laryea na bawaba zake. Miaka arobaini mzee huyu alizunguka na kundi la maigizo, kijiji kwa kijiji, jukwaa la meza mbili, na mimi nilikuwa namwona kama kiti kilichovunjika mguu. Ana macho ya mtoto mtundu. Sikuwa nimeyatazama.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Pale mwisho. Walicheka?"

"Hapana, Ataa."

"Hata Dede?"

"Hata Dede."

Jumapili, 22 Juni

Nimejitazama kwenye kioo cha kinyozi. Uso wa sinema. Upande wa kushoto hasa.

Jumanne, 24 Juni

Mvua pale pale. Sasa mji umeanza kubishana mzee anasema nini mlangoni. Awo Dede, ambaye mumewe alikufa wamenuniana, anaapa kwamba anaomba msamaha. Mwalimu mmoja anasema anamwonya mkewe juu ya siku yake ya kufa. Fundi Laryea anasema anaulizia nyundo yake. Wamebishana mlangoni kwa kunong'ona, kwa ajili ya marufuku, na ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa makelele, mate yanaruka zaidi.

Kwenye daftari la Anti nimeandika: watu kumi na tisa, mwisho wa huzuni. Ni kweli.

Jumatano, 25 Juni

"Walicheka?"

"Hapana, Ataa."

Leo hakutaka nimvae mtu.

Ijumaa, 27 Juni

Korkor amenishika mkono sokoni. "Unamwambia nini baba yangu kila Jumatano?"

"Ananiuliza, Dada, namjibu."

"Wageni wengine wote wanamwambia 'filamu nzuri, Ataa', kwa sauti ile ya kumuaga mgonjwa. Hawaamini. Anakuamini wewe. Tangu ulipokuja juzi anazungumza na ukuta. Anasema ule mwisho aliutunga mwenyewe, Anti alitaka mwingine, yeye akamwambia niachie hapa, najua kazi yangu. Sasa anasema hakuijua."

"Kwani anasema nini pale mlangoni?"

"Nimemuuliza. Anasema kichekesho kikielezwa kimekwisha kuwa maiti."

Kichekesho. Neno hilo limenifuata mpaka bandani.

Jumanne, 1 Julai

Mvua. Pale pale. Thelathini na moja, huzuni.

Jumatano, 2 Julai

Leo naandika kurasa, mtakaosoma mvumilie.

Ataa hakuuliza. Nilikaa nikingoja aulize, hakuuliza. Alikuwa amevaa shati jeupe kana kwamba ana safari.

"Mwizi, Anti akija, mwambie aukate."

"Ataa?"

"Jumanne nne. Mji wangu mwenyewe. Mchekeshaji akisimama mbele ya watu wa kwao mara nne wasicheke, anapanguswa jukwaani, hata kama ni mimi. Zamani walitutupia maganda ya karanga, ilikuwa afadhali, ulijua wamekuona. Aweke vijana. Nasikia wewe umo."

"Nani amekwambia?"

"Unatembea kama mtu aliyemo."

Nilitoka pale ninaruka. Sikuandika uongo, sikumsukuma mtu, mzee mwenyewe amenikabidhi jeneza. Nikafika bandani, nikamkuta Mjomba anakwenda kunyolewa, nikamwambia nitafagia. Jua lilikuwa limetoka, bati linalialia kwa joto, hakuna hata tone. Sidii imo kwenye mashine. Nikasema, kwa kuwa huo mwisho unakwenda kutupwa, angalau mtu mmoja ausikie. Nikaweka sikio kwenye spika ndogo mpaka vumbi lake likaniingia.

Fundi Tawiah anaamka. Anatoka jenezani, anapita uani. Unasikia kikaango kinachachatika. Anasimama mlangoni. Mke amempa mgongo. Miaka kumi na tisa hajamwona. Unamsikia anavuta pumzi, na unajua sasa anasema lile neno, lile ambalo kila mtu hapa mjini amejiwekea lake. Anasema:

"Mama Ayeley, samaki wanaungua."

Nilianguka na ufagio. Nilicheka mpaka nikajisokomeza shati mdomoni, maana vijana wa chifu wako kona ile. Samaki wanaungua! Kifo amekiruka, miaka ameiruka, na bado ni samaki! Mke akajibu kitu, sikusikia, nilikuwa na shati mdomoni na machozi masikioni. Nikanyanyuka kuirudisha nyuma. Umeme ukakatika.

Nikakaa kwenye benchi la mbele, giza la mchana, ndipo nikaacha kucheka.

Pale mwisho walicheka? Hapana, Ataa. Hata Dede? Hata Dede. Jumatano baada ya Jumatano nimempelekea mzee wa watu hayo na kenkey ya moto. Hakuna aliyekataa kucheka. Hakuna aliyesikia. Kichekesho chake kimepigwa na mvua mara nne, mimi nilikuwa naijua mvua, na niliiacha nje ya daftari kwa sababu ya bati la Mjomba. Na kwa sababu ya upande wangu wa kushoto wa uso.

Alhamisi, 3 Julai

Sijakwenda kwa Ataa. Nina mafua.

Ijumaa, 4 Julai

Sina mafua.

Jumapili, 6 Julai

Nimewaza hivi. Naweza kunyamaza siku nne. Kunyamaza ni sheria ya mji mwezi huu, ningekuwa raia mwema. Na mimi ndani ya jeneza ningechekesha, hakuna anayebisha.

Nimejaribu kutunga mstari wangu wa mwisho, wa mwizi wa mbuzi aliyesafiri. Nimetunga kumi na minne. Nimeisoma yote kwa sauti ya chini. Jogoo wa Mjomba ameondoka.

Jumanne, 8 Julai

Jumanne ya mwisho. Asubuhi kavu, mchana kavu, nikaanza kuwaza kwamba mvua itaniokoa kwa kutokuja, watu watacheka wenyewe, sitahitaji kusema lolote. Filamu ikaanza. Sekunde zangu. Fundi Tawiah akajilaza. Ikashuka.

Safari hii sikutazama skrini, niliwatazama watu. Mzee anafungua mdomo, anasema utani mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema, na banda zima linamtazama kwa macho ya mazishini. Awo Dede anajifuta kwa ncha ya kitambaa chake. Nilitaka kusimama nipige kelele "Samaki!" Nikafungua mdomo. Ningemwulia kichekesho chake. Nikaufunga.

Watu walipotoka nikakaa na daftari la Anti. Nikaandika ukurasa wa mwisho, mwandiko wangu mzuri:

"Anti, haya yote ni kweli lakini hayafai. Hakuna mtu Lantemang aliyesikia mwisho. Spika zimefungwa na bati halina dari, na mvua imenyesha pale pale Jumanne zote tano. Niliijua siku ya kwanza nikaiacha. Usikate kitu. Ndimi mwizi wa mbuzi, Borketey."

Mjomba Ashitey amelisoma begani kwangu. Hasomi haraka, nilikuwa na nafasi ya kukimbia, sikukimbia.

"Umeandika bati."

"Nimeandika, Mjomba."

"Na usiku utalala wapi?"

"Chini yake, ukiniruhusu."

Akanung'unika muda mrefu juu ya mama yangu, dada yake, na aina ya watoto anaowazaa. Halafu akasema, "Ungeandika basi kwamba viti ni vizuri."

Nimeongeza: viti ni vizuri.

Jumatano, 9 Julai

Nilimwambia Ataa nimesimama, na kitenge sikuvaa. Nikasema yote, mvua, bati, na jeneza nililolitamani. Korkor akaweka chini bakuli alilokuwa analiosha.

"Dari hili," Ataa akasema, akitazama juu. "Nimelala chini ya zege hili nikidhani ulimwengu umekauka."

"Nisamehe, Ataa."

"Mwezi mzima umeniacha nife jukwaani, Mwizi."

"Ndiyo, Ataa."

"Na wewe ulipousikia?"

"Nilicheka. Nikajiziba kwa shati."

"Ulianguka?"

"Nilianguka na ufagio."

Akafumba macho. Nilidhani ananifukuza. Kumbe alikuwa anauona ule ufagio. Mabega yakaanza kutikisika, kwanza kidogo kidogo. "Na ufagio!" akasema. "Korkor, umesikia? Na ufagio!"

Nilipoondoka alisema mmoja si watu. Kesho atakuja mwenyewe, hata kwa kubebwa.

Alhamisi, 10 Julai

Saa tatu asubuhi ngoma ya kwanza ikalia na mji mzima ukafunguka kama chupa. Vijana wa chifu wamenirudishia kipaza sauti. Nikaimalizia sentensi yangu pale pale walipoikatiza: "…kichekesho kikubwa, leo saa nane mchana, spika zote mbili!" Sauti yangu haijaharibika. Imeiva.

Ataa Oblitey amekuja. Fundi Laryea alitengeneza majeneza mawili ya saa kwa ajili ya filamu, moja likawa kuni, la pili lilikuwa karakanani likitumika kama sanduku la misumari. Vijana wanne wa karakana wamemketisha mzee humo, mgongo kwenye namba kumi na mbili, miguu kwenye sita, wakambeba barabara kuu ngoma zikilia, wakicheza kidogo kwa mazoea yao ya kubeba majeneza mazishini. Korkor alikuwa nyuma amejifunika uso.

"Baba, watu wanatazama!"

"Hiyo ndiyo kazi, mwanangu."

Anti Lamiley alikuwa amefika, amesoma daftari lote mlangoni, hadi viti. Alikaa benchi la nyuma kabisa, kando ya jeneza, kalamu mkononi.

Mawingu yalikuwepo. Nilisimama mlangoni nikiyatazama kwa jicho baya kuliko yote niliyonayo. Yakabaki juu.

Fundi Tawiah akajilaza. Akaamka, akapita uani. Kikaango kikachachatika kwa spika mbili mpaka tukasikia njaa. Akasimama mlangoni. Nikaona midomo ya Awo Dede inasema "nisamehe" pamoja naye, ya mwalimu inasema lake. Nikamtazama Ataa. Amekamata kingo za jeneza kwa mikono yote miwili.

"Mama Ayeley, samaki wanaungua."

Kimya. Sekunde mbili hivi. Nilizeeka.

Halafu Awo Dede: "SAMAKI?!" Na banda likapasuka. Watu walianguka kutoka kwenye viti, ambavyo ni vizuri. Fundi Laryea alikuwa anampiga mgongoni mtu asiyemjua. "Mpumbavu wewe Oblitey!" Awo Dede analia na kucheka, anamtupia mzee maganda ya mahindi ya kenkey. "Mwezi mzima nakulilia! Mwezi mzima! Kwa samaki!" Na mzee ndani ya saa yake anayapokea maganda yale kifuani, moja moja, haondoi hata moja.

Mke alikuwa amejibu, na hakuna aliyesikia, safari hii kwa kicheko. "Rudisha!" Mjomba akarudisha. Samaki wanaungua, kicheko, hatukusikia. Akarudisha tena. Vile vile. Mara ya nne Awo Dede akapanda juu ya benchi.

"Nyamazeni! Mmekaa kimya siku thelathini kwa ajili ya mahindi, mnashindwa dakika moja kwa ajili ya mwanamke mwenzangu?"

Tukanyamaza. Nje ngoma zilikuwa zinalia, lakini mbali. Mzee mlangoni, kikaango, samaki wanaungua, na hakuna aliyecheka, tumebana pumzi. Mke hageuki. Anasema, kama unavyomwambia mtu aliyetoka dukani tu:

"Umechelewa. Nawa mikono ule."

Hakuna aliyesema rudisha. Mzee akakaa, akanawa, akala. Akalikata jeneza. Ikaisha, skrini ikawa ya bluu, na watu wakabaki wamekaa kimya, ingawa mvua haikuwepo wala kuhani hakuwa ametuamuru.

Anti Lamiley akafunga daftari. "Hakuna mwisho mwingine," akaniambia. "Pole, Mwizi." Kumbe naye ananiita hivyo.

Walipokuwa wanamnyanyua Ataa kumrudisha, akawasimamisha mbele yangu. Ganda la mahindi lilikuwa bado begani.

"Umeandika ya kila mtu. Ya kwako sijasikia."

Nikamwambia nitayaandika nikifika nyumbani. Basi haya hapa, maoni ya Borketey wa Lantemang juu ya Sehemu ya Tatu: mwizi wa mbuzi ni mfupi mno. Mengine yote yabaki kama yalivyo.